Mashine tunazo, wa kuzishika wako wapi?

Nimekuwa kimya wiki kadhaa na baadhi yenu mmeniandikia mkiuliza kama niko salama. Niko salama, alhamdulillahi. Nilikuwa na mgonjwa nyumbani, na ugonjwa wake ndio ulionisukuma kuandika haya ya leo.

Mnaonijua mnajua kwamba mimi ni mtoto wa Likoni niliyepanga Lindi, Kibera, mwaka wa 11 sasa. Kila nikiitaja Lindi kwenye simu, wazee nyumbani hudhani nimevuka Lunga Lunga nikaenda kuishi kusini mwa Tanzania. Marehemu babu yangu mpaka anakufa aliamini nafanya kazi karibu na Mtwara. Nikazoea. Lakini mwezi huu nimezifikiria sana hizi Lindi mbili. Ile ya Tanzania iko kama kilomita 450 kutoka Muhimbili, hospitali kubwa ya rufaa Dar es Salaam. Hii yangu, mtu mzima akitoka kwa miguu, akapandisha Laini Saba, akavuka reli na kupita Ngumo, anafika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta kwa dakika 40. Ungedhani sisi ndio tuliobahatika.

Mgonjwa wangu ni khalati, dada yake mama. Ana saratani ya mlango wa kizazi. Alichomwa miale, akapata nafuu, akarudi kukaanga viazi vyake vya karai kama kawaida. Kisha mkojo ukaanza kupungua, miguu ikavimba, akawa anatapika. Madaktari walieleza vizuri: uvimbe na makovu yamebana mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo hadi kibofu. Mkojo hauna pa kupita, unarudi nyuma, figo zinazama ndani ya maji yake zenyewe. Figo si mbovu, njia ndiyo imezibwa.

Dawa yake haihitaji kupasuliwa. Mgonjwa hulazwa kifudifudi, daktari hutazama figo kwa altrasaundi, hupiga sindano ya ganzi mgongoni, huingiza sindano nyembamba hadi ndani ya figo, hupitisha waya juu yake, na juu ya waya huteleza mrija mwembamba unaobaki pale ukitoa mkojo kwenye mfuko wa nje. Kwa mkono uliozoea ni kazi ya muda usiozidi saa moja. Mgonjwa yuko macho, anazungumza. Siku chache baadaye figo zinaanza kurudi.

Hospitali ya kwanza tuliyokwenda huko Pwani, ambayo sitaitaja kwa sababu sina ugomvi na watu wake, ilikuwa na altrasaundi, na chumba cha eksirei, na wauguzi wenye huruma. Kisichokuwapo ni huo mkono. Daktari aliyekuwa akifanya kazi ile alikuwa amehama. Khalati akaanza kusafishwa damu kwa mashine huku tukitafuta nafasi Nairobi. Nilipomleta, kwenye hospitali nyingine ambayo pia siitaji, tukaambiwa anayeweka mirija ni mmoja na yuko safarini, tusubiri. Tulisubiri siku 9. Siku 9 za kusafishwa damu kwa ajili ya figo ambazo hazikuwa zimekufa.

Mimi ni mtu wa diploma ya uandishi wa habari, si daktari. Lakini siku 9 za kukaa kwenye benchi la wodi zinamfanya mtu asome.

Fani yenyewe ina jina. Muhimbili wanaiita tiba radiolojia. Sisi tumezoea kwamba mtu wa eksirei anapiga picha, anaandika ripoti, anampelekea daktari mwingine atibu. Katika tiba radiolojia, yule mwenye kusoma picha ndiye anayetibu, akiongozwa na hiyo picha, kupitia tundu la sindano. Anatoa usaha uliojificha kwenye ini. Anafungua njia ya nyongo iliyoziba mtu amegeuka manjano. Anachukua kipande cha uvimbe kipimwe bila kumpasua mtu tumbo. Anapita kwenye mshipa wa kinenani hadi kwenye mishipa ya kizazi na kuziba ile inayolisha fibroidi, ili zinywee zenyewe. Anaziba mshipa unaovuja kwa mama aliyetoka kujifungua na damu haikatiki.

Si jambo jipya. Msweden Sven-Ivar Seldinger alieleza mbinu ya sindano, waya na mrija mwaka 1953. Mwaka 1964 kule Oregon, Marekani, Charles Dotter alipewa bibi wa miaka 82 ambaye mguu wake ulikuwa unaoza na mwenyewe amekataa katakata kukatwa. Dotter akapitisha mirija ndani ya mshipa wa paja ulioziba, akaupanua. Bibi akafa baadaye akiwa na miguu yake miwili. Kutibu fibroidi kwa kuziba mishipa yake kuliandikwa na Mfaransa Jacques Ravina na wenzake mwaka 1995. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi. Na wanawake wangapi tunaowajua sisi, dada zetu, wake zetu, wameambiwa dawa ya fibroidi ni kutolewa kizazi basi, kwa sababu daktari aliyekuwa mbele yao hakuwa na mtu wa kumpelekea.

Sasa nije kwenye habari iliyonifanya nisahau usingizi wodini. Nikidhani nitasoma habari za London na Chicago, nikakutana na Dar es Salaam.

Hadi mwaka 2018 Tanzania, nchi ya watu zaidi ya milioni 50, haikuwa na mahali pa kumsomesha daktari fani hii. Mtanzania mmoja, Frank Minja, alikuwa daktari bingwa wa picha za ubongo katika Chuo Kikuu cha Yale. Akiwa na Fabian Laage Gaupp, ambaye wakati huo alikuwa bado mwanafunzi wa ubingwa hapo Yale, na wenzao wa Muhimbili, wakaanzisha mpango ulioitwa Road2IR. Hawakuanza kwa kuchagua vijana watano na kuwapeleka Marekani. Walifanya kinyume chake: mwalimu ndiye aliyepanda ndege. Kuanzia Oktoba 2018, kila mwezi, timu ya watu watatu ilikuja Muhimbili kwa wiki mbili: daktari, muuguzi, na mtaalamu wa mashine za picha. Wakaondoka, ikaja nyingine. Mwaka 2019 ikawa shahada kamili ya uzamili ya miaka 2 katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, kwa madaktari ambao tayari ni mabingwa wa radiolojia.

Naomba msomaji atulie kwenye hilo la watu watatu, maana ndipo penye siri. Daktari peke yake hawezi. Anayejua kuandaa meza, kuhesabu waya na mirija, kumtuliza mgonjwa aliye macho na kumwangalia presha, ni muuguzi. Anayejua kuigeuza mashine ionyeshe pale panapotakiwa bila kuwachoma watu miale isiyo na kazi, ni mtaalamu wa picha. Ukimsomesha daktari mmoja ng'ambo kwa gharama kubwa kisha ukamrudisha kwenye chumba ambacho hakuna hata mmoja aliyewahi kuona kazi ile, umemrudisha kuja kukata tamaa. Atakaa mwaka, miwili, kisha atakwenda hospitali ya kulipia ambako timu ipo. Na wala simlaumu.

La pili, walianza na vilivyokuwapo. Altrasaundi ilikuwapo. Mashine ya CT ilikuwapo. Kwa hiyo wakaanza na kazi zinazoweza kufanywa kwa vyombo hivyo: vipande vya uvimbe, kutoa usaha, mrija wa figo, mrija wa nyongo. Haya ya mishipa, yenye gharama na vifaa vingi, yakafuata. Na hizo kazi za mwanzo ndizo zinazookoa watu wengi kwa bei ndogo. Mrija wa khalati yangu uko kwenye orodha hiyo ya mwanzo.

Kisha ikaja korona mwaka 2020 na ndege zikasimama. Wageni hawakuweza kuja. Masomo yakahamia kwenye mtandao, na wanafunzi wakaendelea na wagonjwa kwa mikono yao, walimu wakiwafuata kwa mbali. Waliohitimu mwanzo wamekuwa walimu wa waliofuata. Hapo ndipo unapojua kama jambo limeota mizizi au lilikuwa maonyesho ya wafadhili. Mpango huo tangu hapo umepanuka hadi nchi nyingine za Afrika.

Sitaki nionekane napaka rangi. Vifaa vya kazi hii hutumika mara moja vikatupwa: waya, mirija, sindano maalumu. Muhimbili vingi vilikuja kwa msaada, na msaada una siku yake ya mwisho. Ukiwa na daktari hodari ambaye kabati lake halina waya, unarudi pale pale. Tena ni jambo la kutufikirisha kwamba chuo kikuu cha kwetu kinasubiri mtoto wake aliyeko Yale aone haya ndipo mambo yaanze. Lakini yameanza. Yameanza katika mji wa Pwani, unaozungumza lugha yetu, ambako kutoka Mombasa unapanda basi asubuhi ukalala huko.

Na sisi? Nairobi wako madaktari wa fani hii, wengine wazuri sana, na siwasemi kwa ubaya. Ziko hospitali za vyuo vikuu zenye vyumba ambavyo mtu ukiingia unadhani uko Dubai. Hesabu ya vyumba si tatizo letu. Kenya tuna mapenzi ya ajabu na mashine.

Mnakumbuka mwaka 2015? Serikali ya kitaifa ilitia saini mikataba ya kukodi vifaa vya hospitali 98, mbili kwa kila kaunti na nne za kitaifa. Vyumba vya upasuaji, mashine za kusafisha damu, vya wagonjwa mahututi, na vya picha. Kaunti zikaanza kukatwa shilingi milioni 95 kwa mwaka kila moja, baadaye ikapanda hadi milioni 200, iwe Nairobi au Lamu. Seneti ilipokuja kuchunguza miaka michache baadaye ilikuta baadhi ya mashine zimekaa kwenye makasha. Mahali pengine hakukuwa na umeme wa kutosha, pengine hakukuwa na maji, na pengine, hili ndilo langu, hakukuwa na mtu wa kuziendesha. Tulilipa kodi ya nyumba ambayo hatukuwa na wa kulala ndani yake. Kisha 2018 tukaleta madaktari 100 kutoka Cuba wakajaze mapengo kaunti, na wetu 50 wakaenda kusomea kule. Mkataba ule ukafa 2023. Kila mara tunanunua kitu kinachoonekana, kinachokatiwa utepe. Daktari anayesoma miaka 2 zaidi hana utepe wa kukata.

Na tunawatendeaje hao wanaosoma? Daktari akimaliza chuo, akafanya mafunzo ya kazi, akafanya kazi, akirudi kusomea ubingwa anaitwa rejista. Ndiye unayemkuta saa 9 usiku kwenye hospitali kubwa. Wengi wao hujilipia karo. Yaani anashika zamu, anakutibu, na mwisho wa muhula yeye ndiye anayelipa. Mgomo wa siku 56 wa mwaka 2024, uliotushika kuanzia Machi hadi Mei, wengi waliusikia kama ugomvi wa mishahara ya madaktari wanafunzi. Na suala la masomo ya ubingwa na nani ayalipie lilikuwa mezani vilevile. Sasa juu ya miaka ya ubingwa wa radiolojia umwambie mtu aongeze miaka 2 ya tiba radiolojia bila mshahara, ana mke na watoto, na akimaliza haijulikani kaunti yake itamwajiri kwa cheo gani. Atakayekubali ni mwenye mali ya baba, au mwenye nia ya kurudisha fedha zake haraka Nairobi, kwa wenye bima nene.

Hapa mtaani nilipowaeleza majirani haya, mama mmoja anayeniuzia mahamri na mbaazi alinikatiza. "Baba, wewe unazungumza mambo ya Yale, mimi mwanangu akiharisha choo kiko wapi?" Ana haki. Lindi hii mvua ikinyesha, kila kilichoko juu kinateremka kwetu kuelekea mtoni. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilikaa Kibera miaka 20 hivi kabla ya kukabidhi zahanati zake kwa kaunti mwaka 2017, na kazi yake kubwa ilikuwa ukimwi, kifua kikuu na kuzalisha kina mama, si waya ndani ya mishipa. Mtu anaweza kusema fani hii ni anasa ya matajiri.

Nilimjibu mama kwa hesabu, kwa sababu hesabu ndizo nilizokuwa nazo. Khalati alisafishwa damu mara kwa mara kabla ya kupata mrija. Kila kikao ni maelfu ya shilingi, alipe yeye au ilipe Mamlaka ya Afya ya Jamii, hii SHA iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Fedha za SHA ni za nani? Ni za huyo mama wa mahamri, anayetakiwa alipe angalau shilingi 300 kwa mwezi, na kwa sababu hana mwajiri anaambiwa alipe ya mwaka mzima, 3,600, kwa mkupuo. Kila mgonjwa anayesafishwa damu bila sababu kwa kukosa mrija, fedha inayomwagika ni ya choo chake mama. Kila mtu anayefunguliwa tumbo kwa usaha ambao ungetolewa kwa sindano analala wodini siku nyingi, na kitanda alichokilalia ndicho ambacho mtoto wa mama hatakipata. Akanyamaza, akaniongezea hamri moja. Sijui kama nilimshawishi au alinionea huruma.

Ninachokiona mimi, na wajuao watanisahihisha, ni kwamba Pwani tusikae kungoja Nairobi. Afya iko mikononi mwa kaunti tangu 2013. Kaunti zetu sita, Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta, zina jumuiya yao. Tumeizoea kuikuta kwenye makongamano ya uchumi wa buluu hotelini. Haishindwi kuchagua mabingwa wawili wa radiolojia walioajiriwa tayari, na pamoja nao wauguzi wawili na wataalamu wawili wa picha, ikawapeleka pale Dar miaka hiyo 2 huku mishahara yao ikiendelea, kwa mkataba wa kurudi kufanya kazi hospitali ya rufaa ya Pwani muda fulani. Watu sita. Gharama yao yote haifiki hata robo ya ile milioni 200 iliyokuwa ikikatwa kaunti moja kwa mwaka mmoja. Na bajeti ya waya na mirija iandikwe mapema, kwa jina lake, siyo ifichwe ndani ya "vifaa mbalimbali" ambamo sote tunajua kinachotokea.

Kuna mtu ataniambia watakimbia wakimaliza mkataba. Wawili watakimbia, ndiyo. Ndiyo maana nimesema sita, na ndiyo maana nimesema wapewe wanafunzi wa kuwafundisha tangu siku ya kwanza. Mganga mmoja akiondoka na siri yake, kijiji kizima kinabaki na vibuyu vitupu.

Khalati aliwekewa mrija siku ya 10. Dakika 35, nilitazama saa ya ukutani. Daktari alikuwa mpole, akamwita "mama" na kumweleza kila hatua, na rejista wawili walikuwa wamesimama nyuma yake wakitazama kwa shingo ndefu. Nilimuuliza mmoja wao nje kama naye atasomea kazi hii. Akacheka, akauliza karo nitalipa mimi?

Amerudi Likoni sasa. Mfuko anauficha chini ya leso, na viazi vya karai ameanza tena, jioni tu. Mrija hubadilishwa kila miezi mitatu hivi, vinginevyo unaziba au unaleta maradhi. Kubadilisha ni kazi fupi kuliko kuweka. Kwa kazi hiyo fupi atapanda basi usiku, kilomita 480, alale kwangu Lindi, asubuhi tupandishe Laini Saba polepole tukitafuta bodaboda asiyekimbiza. Tiketi ya mwezi ujao nimeshamkatia.